Parachichi Ndani ya Tarumbeta

Naanza na aibu yenyewe ili nikishaitua nipumue: mbele ya umati wa harusi kule Luzira, nikiwa nimepiga magoti kumwamkia mwanamke niliyekuwa nikiomba kila siku awe mama mkwe wangu, tarumbeta langu lilimtapikia mapajani. Ndiyo, mmesikia vizuri, lilimtapikia. Na mkitaka kucheka chekeni tu, kwa sababu siku hizi hata mimi nacheka, lakini saa ile mtu angeniuliza kama nataka kusimama au kuzikwa palepale nilipopiga magoti, ningemwomba jembe.

Mimi napiga besi, yaani lile tarumbeta kubwa kuliko yote kwenye bendi ya harusi, unalikumbatia kifuani kama mtoto mkaidi, na mdomo wake wa juu unatazama mbinguni, mpana kama beseni la kufulia. Kwenye bendi yetu mwanamke anayelibeba ni mimi peke yangu (wanawake wenzangu wawili wanapiga vitarumbeta vidogo, vinaingia hata kwenye mkoba). Stoo ya bendi iko Bwaise, na anayeijua Bwaise anajua kwamba mvua ikinyesha kule maji hayabishi hodi, kwa hiyo msimu wa mvua kila mpigaji hubeba chombo chake akalale nacho nyumbani. Langu lilikuwa linalala Mbuya, sebuleni kwa Baba, limesimama kwenye kona nyuma ya televisheni, limefunikwa shuka kama mgonjwa.

Baba ni sajini mstaafu wa polisi, mtu wa Lira, maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko. Nyuma ya nyumba tuna mparachichi, au tuseme mti wa ovakedo kama tunavyouita hapa Kampala, na mti ule ndio mwanzo wa balaa lote.

Kwa sababu siku Rajabu, mchumba wangu, alipomleta mama yake nyumbani kututazama, huyo mama, Hajati Mastura, alikaa sebuleni kwetu mchana mzima bila kusema ndiyo wala hapana. Wao ni Wanubi, babu zake walikuja huku na jeshi la wakoloni, na sisi ni Wakristo wa kaskazini, kwa hiyo kulikuwa na mambo ya kufikiria, nami nilielewa. Lakini hakunisifu chochote! Chai alikunywa, pilau aliila, picha zangu za shule alizitazama na kuzirudisha. Ila Baba alipomkatia parachichi na kumwekea chumvi na pilipili pembeni, Hajati alikula nusu, akala nusu ya pili, akafuta mdomo, akasema, "Hili limechumwa na mtu mwenye akili."

Basi mimi, kwa furaha ya kusikia sifa hata kama ni ya tunda, maneno yakanitoka. "Hajati, siku ya harusi ya Zaina nitakuletea mwenyewe. Yatakuwa yameiva ya kuliwa siku hiyohiyo."

Baba alinitazama kwa jicho la askari anayemwona mshukiwa anasaini maelezo bila kuyasoma.

Zaina ndiye dada yake Rajabu, na harusi yake ndiyo ilikuwa inakaribia. Na hapo kuna jambo lingine ambalo lazima mlijue: mimi ndiye niliyewashawishi wachukue bendi yetu. Mashangazi walitaka ngoma yao ya doluka peke yake, kama ilivyo desturi yao, lakini Zaina alikuwa na ndoto ya kuingizwa na matarumbeta, akaniomba nimsemee, nami nikamwapia Hajati kwamba bendi yetu itamwingiza binti yake kwa heshima ambayo Luzira nzima itaizungumzia. (Waliizungumzia. Wanaizungumzia hadi leo.)

Wiki moja kabla ya harusi nikaingia nyuma ya nyumba na fimbo ndefu yenye ndoano. Baba alikuwa ametundika kioo dirishani ananyoa ndevu, nusu ya uso ni povu.

"Unachuma nini?" akaniuliza kwenye kioo, bila kugeuka.

"Ya Hajati."

"Hayo bado matoto."

"Baba, yatazame yalivyo makubwa! Yanang'aa kabisa."

"Ndiyo maana nasema. Toto ndilo linang'aa. Likikomaa ngozi inachoka, kama hii yangu." Akapitisha wembe shavuni. "Weka sikioni, tikisa. Kokwa likicheza ndani, chuma. Likinyamaza, acha likae."

Nikaliweka moja sikioni, nikalitikisa. Kimya. Kimya cha makaburini. Lakini nilikuwa nimeshalichuma, na yale yaliyokomaa yalikuwa juu kabisa kwenye matawi membamba, yamefifia rangi, mengine yana madoa ya kahawia, sura zao hazifai kupelekwa kwa Hajati. Nikasema, "Linacheza, Baba."

"Haya," akasema, akaendelea na kidevu.

Sasa parachichi, kwa wale mnaonunua tu sokoni, haliivi mtini hata likae mwaka. Linakomaa mtini, kisha unalichuma likiwa gumu kama jiwe, unalivundika mahali penye giza na joto, na ukiweka ndizi mbivu karibu yake linawahi. Shida ya nyumbani kwetu haikuwa giza wala joto. Shida ilikuwa dole gumba la Baba. Kila parachichi linaloingia ndani lazima alibonyeze tumboni akipita, asubuhi akienda kuchota chai, mchana akirudi, jioni kabla ya habari, na dole lenyewe limefanya kazi miaka mingi kukandamiza vidole vya washukiwa kwenye wino, kwa hiyo tunda linapoiva linakuwa na alama nyeusi ubavu mzima. Niliwahi kuyaficha kwenye pipa la unga, akayapata. Niliwahi kuyafunga kwenye sweta, akalifungua sweta. Na haya yalikuwa ya Hajati.

Ndipo macho yangu yakaangukia besi.

Nawaambieni, wakati ule wazo lilionekana kama limetoka mbinguni. Nikayafunga yale parachichi kwenye kitambaa na ndizi mbili mbivu, zile tamu tunazoziita bogoya, nikayatumbukiza kwenye mdomo wa tarumbeta, nikafunika shuka juu. Mazoezi hayakuwapo wiki ile, nusu ya wenzangu walikuwa wanahamisha vitanda Bwaise kwa ajili ya maji. Nani atachungulia ndani ya tarumbeta?

Siku mbili tatu baadaye Baba akapata safari ya msiba Lira. Bodaboda ilikuwa inamngoja nje, begi liko begani, akarudi mlangoni kana kwamba amesahau kitu, akaniambia, "Hiyo siku, kabla hujaenda kwa wale watu, angalia chini. Vizuri."

Nikajua ananifundisha adabu. Kwamba nikifika mbele ya wazee nisiwakodolee macho. Nikamjibu, "Nimesikia, Baba," na moyoni nikasema, maskini mzee wangu, hata akiwa na msiba anafikiria ndoa yangu.

Asubuhi ya harusi nikafunua shuka, nikavuta kitambaa changu, nikakifungua mezani. Ndizi zilikuwa zimegeuka uji mweusi, lakini parachichi! Yalikuwa yamenyauka, yamekunjamana kama uso wa mtu aliyenusa pilipili, na ukibonyeza linarudi kama tairi la baiskeli. Nilikata moja kwa kisu. Kisu kilikwama. Nikaonja, likawa chungu likanikaza ulimi. Nikakaa chini sakafuni nikaanza kulia, na nje pikapu ya bendi ilikuwa inapiga honi, na kiongozi wetu, Mwalimu Kizito, anapaza sauti, "Akero! Akero, twende!" (Jina langu ni Akello, lakini Mwalimu ni Muganda, kwake r na l ni mapacha, anamwita pacha yeyote anayemkuta mlangoni.) Nikayatupa parachichi kwenye ndoo ya taka, nikavaa koti langu jekundu la vifungo vya dhahabu, nikalibeba besi hivyohivyo na shuka lake, nikapanda. Njiani nililiona zito kuliko siku zote, nikasema ni huzuni.

Nyumba ya kina Rajabu iko Luzira, upande wa kuteremkia Port Bell, uani kwao wakiweka mahema unaona ziwa chini na mabehewa ya reli yanayongoja meli. Tulipofika wageni walikuwa wameshajaa, wanaume upande mmoja wamevaa kanzu, wanawake wamevaa nguo za rangi zote zinazouzwa duniani, na mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, Hajati Mastura mwenyewe, nguo yake nyeupe ya hariri inameremeta hadi macho yanauma. Pembeni yake mashangazi watatu wamekunja mikono. Rajabu alinipungia mkono kutoka kwenye kreti za soda, nami nikajaribu kutabasamu.

Bi harusi akatokea getini. Mwalimu Kizito akainua fimbo, matarumbeta madogo yakalia, ngoma ikaingia, nami nikavuta pumzi hadi vifungo vikalalamika, nikapuliza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe aliyefunikwa blanketi.

Nikapuliza tena. Ng'ombe yuleyule, sasa anaumwa. Mjue kwamba besi ndiyo miguu ya muziki wa bendi, besi ikiondoka waliobaki wanaelea hewani kama nguo kwenye kamba, na kweli, tarumbeta moja likakimbia mbele, lingine likabaki nyuma, na Zaina masikini ya Mungu, na gauni lake lote, akawa anaweka mguu, anaurudisha, hajui aingie kwa hatua ipi.

"Besi!" Mwalimu Kizito akanifokea bila kuacha kutabasamu kwa wageni. "Akero, reta besi! Besi iko wapi?"

"Naleta, Mwalimu!"

"Mbona siisikii?"

Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akasema, "Jamani, nadhani bendi bado inapasha moto," na upande wa wanaume wakacheka. Shangazi mmoja akainama kwenye sikio la Hajati, lakini akasema kwa sauti ya kusikiwa na mahema yote mawili, "Si tulisema doluka?"

Hajati hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi.

Bi harusi alifika kitini kwake kwa namna aliyofika, sitaki hata kuieleza, macho yamemjaa machozi, na muziki ukafa wenyewe bila mtu kuuzima. Nami nikafikiri, sasa niende nimwamkie Hajati, niombe radhi kwa yote mawili, muziki na matunda, nimalize. Mwenye akili angeliweka tarumbeta chini kwanza. Mimi nililikumbatia kama ndugu pekee niliyebaki naye duniani, nikatembea nalo hadi mbele ya kiti chake, nikapiga magoti kama inavyompasa msichana wa Kampala mbele ya mkubwa wake, nikainamisha kichwa na kuangalia chini, vizuri, kama Baba alivyosema. Na nilipoinama mimi, besi nalo liliinama, mdomo wake ukamwelekea Hajati.

"Shikamoo, Hajati," nikasema. "Nisamehe. Na yale parachichi niliyokuahidi, hayakui..."

Sikumaliza. Kitu kiliteleza ndani ya tarumbeta, nikakisikia kikipita kifuani kwangu, *krrr*, na kutoka kwenye ule mdomo mpana kikachomoza kitu kirefu, cheusi, kina kichwa kinene, kikaning'inia kidogo, kisha kikaanguka *pwata* kwenye mapaja ya hariri nyeupe.

"NYOKA!"

Sikujua nani alisema kwanza, nadhani ni shangazi wa doluka, lakini baada ya sekunde moja lilikuwa neno la watu wote. Banange, wale wanawake walivyokimbia na visigino vile! Viti vilipinduka, kreti ya soda ikaenda, mtu akajikwaa kwenye kamba ya hema na upande mmoja ukashuka taratibu juu ya wazee wa kanzu ambao nao wakaanza kupiga kelele humo ndani gizani wakidhani nyoka yuko nao. Mshereheshaji aliendelea kusema "Tulieni, tulieni" akiwa tayari yuko nje ya geti, tukimsikia kwenye spika. Mwalimu Kizito, mtu mzima, kiongozi wa bendi, alikuwa amesimama juu ya ngoma kubwa.

Tuliobaki mahali petu tulikuwa wawili. Mimi, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa. Na Hajati.

Alikitazama kile kitu. Akakigusa kwa kidole. Kisha akakishika upande wa juu, akakiinua mbele ya macho yake, nami nikakitambua, na heri kingekuwa nyoka. Ilikuwa soksi. Soksi ndefu ya sufu ya Baba, ile ya kazi, ya kufika magotini, imefungwa fundo na imejaa. Kwenye hariri nyeupe, pale ilipoangukia, doa la kijani lilikuwa linapanuka polepole.

"Hii ni ya polisi," Hajati akasema.

"Ndiyo, Hajati."

"Baba yangu alivaa hizi. Mimi ndiye niliyekuwa nazifua." Akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto, akafungua fundo bila haraka, na huku nyuma wazee wanatolewa chini ya hema mmoja mmoja. Akaingiza mkono. Parachichi la kwanza lilikuwa limepasuka, akaliweka kando. La pili akalitoa zima. Lilikuwa limefifia rangi, lina madoa ya kahawia, baya la sura. Hakulibonyeza tumboni. Aliligusa shingoni, karibu na kikonyo, kwa ncha ya kidole kidogo, kisha akalipasua kwa kucha za gumba, nalo likafunguka kama mlango uliotiwa mafuta, manjano ndani, bila uzi hata mmoja. Akaonja.

Watu walikuwa wameanza kurudi, wanasogea kwa kunyata, wanamtazama yeye anavyotafuna. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Sijawahi kumngoja mtu ameze kama nilivyomngoja Hajati.

"Wewe umesema hayakuiva," akasema.

"Yangu hayakuiva, Hajati. Niliyatupa asubuhi. Haya... haya sijui yameingiaje."

"Ameyachuma yuleyule mwenye akili," akasema, na mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Alijizuia, akashindwa. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamtoa machozi, akawa anajipepea kwa soksi. "Na mnadhani sikuogopa? Ni magoti tu! Ningekuwa na magoti mazima mimi ningefika Port Bell mbele yenu wote!"

Hapo uwanja wote ukaangua kicheko, hata wazee wa kanzu, hata shangazi, na Rajabu akaja kunishika mkono aniinue, na Hajati akamnyoshea kidole chenye parachichi. "We Rajabu. Mtu anayeficha chakula hadi ndani ya tarumbeta, watoto wake hawatalala njaa. Usinicheleweshee tena habari zenu za ndoa."

Mimi nilisikia yale maneno, lakini yalichukua muda kuingia, kama maji kwenye udongo mkavu.

Ndipo Zaina akasimama. Alikusanya gauni lake mkononi, akapita katikati ya viti vilivyopinduka, anaelekea getini. Mama mmoja akamuuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Natoka nje," akasema. "Ule sio mwingio. Naingia upya."

Niliingiza mkono kwenye besi hadi begani. Hakuna kitu. Mwalimu Kizito akashuka kwenye ngoma, akapangusa viatu, akainua fimbo kama mtu ambaye hajawahi kupanda popote. Nikapuliza, na jamani, ilitoka sauti! Nzito, pana, ikapita chini ya viti, nikaisikia kwenye magoti yangu mwenyewe. Zaina akaingia akitembea juu yake kama juu ya zulia, bega kwa bega na muziki, na Hajati akajifunga leso juu ya lile doa, akasimama na magoti yake mabovu, akamchezea binti yake. Nilikuwa napuliza huku nalia, jambo ambalo silishauri kwa mpiga besi yeyote, machozi yanaingia kwenye kipulizio.

Jioni nikampigia Baba simu Lira.

"Baba, uliweka nini kwenye tarumbeta langu?"

"Yaliyokomaa," akasema. "Lile tarumbeta lako lilikuwa linanuka ndizi. Nikatoa yako nikayabonyeza. Mpira. Nikapanda juu nikachuma mengine, nikayaweka chini, yako nikarudisha juu. Sikutaka kukuambia umekosea, ungekasirika. Nilikwambia angalia chini."

"Nilidhani ni adabu, Baba."

"Ni adabu pia," akasema. Kisha, "Yaliiva?"

"Yaliiva."

"Haya," akasema, nikasikia anacheka peke yake kabla simu haijakatika.

Tulioana na Rajabu baada ya mfungo, na bendi yenyewe ilinipigia mimi, mtu mwingine akishika besi. Lakini nimejiwekea kiapo, na wanaonijua wanajua sikivunji. Kwenye tarumbeta siweki hata leso ya kufutia jasho. Tunda mtu akiniambia bado, nashuka mtini bila kubishana. Na nikienda Luzira kumsalimia mama mkwe wangu, chochote nilichobeba nakiacha mlangoni, iwe mkoba, iwe mwavuli, iwe mtoto, naingia mikono mitupu ndipo napiga magoti. Na kila ninapoinuka salama, bila kitu kuanguka popote, husema polepole alhamdulillahi, mimi binti wa kanisani, kisha ndipo namwuliza ameamkaje.